Profesa Gower na sheria ya kampuni iliyofika Accra kabla ya London

Mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anapofika kwenye somo la sheria ya kampuni hukutana na jina la Gower mapema sana, kwa kawaida likiwa limechapwa kwenye mgongo wa kitabu kinene kilichochakaa kwa kupita mikononi mwa wengi, na mara nyingi humaliza shahada yake jina hilo likiwa bado ni la kitabu, si la mtu. Tunaulizana "Gower anasemaje?" kama tunavyouliza kamusi inasemaje, wala hatujiulizi aliyesema alikuwa nani, alisemea wapi, na nani alimsikiliza. Naandika makala haya kwa sababu naamini safari yake ya kazi ina jambo ambalo vitivo vyetu vingelifundisha sambamba na kitabu chenyewe: mawazo yake makubwa kuhusu kampuni yalipata kuwa sheria kamili barani Afrika miongo kadhaa kabla nchi yake haijayakubali, na sisi wa Afrika Mashariki tulikuja kuyapokea mwishoni kabisa, yakiwa yamezungukia London.

Laurence Cecil Bartlett Gower, ambaye rafiki zake walimwita Jim, alizaliwa Uingereza mwezi Desemba 1913, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, tawi la University College, na mwaka 1937 akaandikishwa kuwa solisita. Hili la usolisita si dogo. Kule Uingereza kazi ya uwakili imegawanyika: yuko barista, anayesimama mahakamani na kujenga hoja mbele ya jaji, na yuko solisita, anayekaa ofisini na mteja, anayeandika mikataba, anayesajili kampuni, na anayejua mfanyabiashara huogopa nini saa nane za usiku. Vita Kuu ya Pili ilimkatiza kazi, akatumikia jeshi, na mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 34 tu, akapewa kiti cha uprofesa wa sheria ya biashara chenye jina la Sir Ernest Cassel katika Shule ya Uchumi ya London, yaani LSE. Alikikalia kiti hicho hadi mwaka 1962. Mtu akisoma maandishi yake leo anaiona ile ofisi ya solisita nyuma ya kila ukurasa, kwa kuwa kila kanuni anayoieleza huiuliza swali la mteja: sasa mimi nifanye nini?

LSE ya wakati ule haikuwa mahali pa kufundisha sheria kama orodha ya kesi za kukariri. Alikuwepo Otto Kahn-Freund, mwanasheria aliyekimbia utawala wa Hitler, ambaye mwaka 1944 alikuwa ameandika kwamba uamuzi wa kesi ya Salomon ulikuwa balaa. Wasomaji wanasheria wataikumbuka kesi hiyo vizuri, lakini kwa wengine niieleze. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu vya ngozi katika mtaa wa Whitechapel, London. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe, yenye hisa 20,007 zilizotolewa, yeye akiwa na hisa 20,001 na hisa sita zilizobaki zikigawiwa mkewe na watoto wake watano, moja moja. Biashara ilipoanguka, wadai wa kawaida walidai kwamba kampuni ile ilikuwa Salomon yuleyule aliyevaa kofia nyingine, na kwamba alipaswa kulipa madeni yake. Mwaka 1896 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, lilikataa: kampuni ikishasajiliwa kwa mujibu wa sheria ni nafsi nyingine kabisa, hata kama nyuma yake yuko mtu mmoja. Kila kampuni ya familia iliyosajiliwa leo BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, inaishi kwa hisani ya uamuzi huo.

Gower hakuupinga kwa ukali wa Kahn-Freund, lakini alichukua kutoka kwa kizazi hicho swali ambalo vitabu vya kabla yake havikulishughulikia: kampuni ni chombo cha nani, na sheria inamlinda nani dhidi ya nani? Mwaka 1954 alitoa kitabu chake, Principles of Modern Company Law, na kikavunja desturi ya vitabu vya mawakili vilivyokuwa vikifuata vifungu vya sheria kimoja baada ya kingine kama mtu anayehesabu shanga. Yeye alianza na historia. Alieleza jinsi makampuni ya hisa yalivyovimba na kupasuka katika kashfa ya Bahari ya Kusini ya mwaka 1720, jinsi Bunge lilivyotunga mwaka huohuo sheria iliyotatiza uundaji wa makampuni kwa zaidi ya karne, jinsi usajili wa kawaida ulivyoruhusiwa mwaka 1844 na dhima yenye ukomo, yaani mwanahisa kutodaiwa zaidi ya mtaji aliouahidi, mwaka 1855. Baada ya hapo ndipo alipoingia kwenye kanuni, na kila kanuni akaieleza kwa sababu yake, akasema wazi palipo na upuuzi kwamba huu ni upuuzi. Kwa mwanafunzi wa nchi iliyotawaliwa, aliyekuwa amezoea kuiona sheria ya Mwingereza kama kitu kilichoshuka kikiwa kizima, kusoma kwamba sheria hiyo ilikuwa na tarehe, hofu na makosa yake kulikuwa ni elimu ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Mwaka wa masomo wa 1954 hadi 1955 alikwenda Harvard kama profesa mgeni, na matunda yake ni makala aliyoyachapisha mwaka 1956 katika jarida la sheria la chuo hicho, akilinganisha sheria ya kampuni ya Uingereza na ya Marekani. Ndipo upande wa pili wa taaluma yake, ule wa dhamana (yaani hisa, hati fungani na mfano wake) na masoko ya mitaji, ulipopata nguvu. Marekani ilikuwa imetunga sheria zake kuu za dhamana mwaka 1933 na 1934, baada ya anguko la soko la hisa, na ilikuwa na tume maalumu ya serikali ya kulisimamia soko. Uingereza haikuwa na chombo cha namna hiyo. Ilitegemea waraka wa matarajio ambao kampuni huwapa watu inapowauzia hisa, adabu za madalali wa London, na imani kwamba waungwana wanajuana.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika suala la mtu wa ndani anayefanya biashara ya hisa kwa kutumia taarifa ambazo wengine hawana. Mwaka 1902, katika kesi ya Percival dhidi ya Wright, wanahisa waliomba wanunuliwe hisa zao. Wakurugenzi wakazinunua wenyewe bila kuwaambia kwamba wakati huohuo walikuwa katika mazungumzo ya kuiuza kampuni nzima kwa bei kubwa zaidi. Mahakama ikasema wakurugenzi hawakufanya kosa, kwa kuwa wajibu wao ni kwa kampuni, si kwa mwanahisa mmoja mmoja. Kwa mantiki tupu ya Salomon hoja hiyo inasimama. Kwa akili ya mtu wa kawaida inanuka. Gower alikuwa miongoni mwa wasomi walioisema harufu hiyo kwa sauti, akionyesha kwamba Wamarekani walikwisha kupata njia ya kuidhibiti. Lakini Uingereza haikuifanya biashara ya namna hiyo kuwa kosa la jinai hadi mwaka 1980.

Ingekuwa profesa wa kawaida, hadithi ingeishia hapo: kitabu kizuri, makala ya kukosoa, wanafunzi wanaomheshimu, na serikali isiyomsikia. Ila mwaka 1958 serikali ya Kwame Nkrumah ilimteua kuwa kamishna pekee wa kuchunguza sheria ya kampuni ya Ghana, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla. Sheria aliyoikuta kule ilikuwa ya mwaka 1907, nayo ilikuwa imenakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1862. Yaani mfanyabiashara wa Accra wa enzi ya redio na ndege alikuwa akisajili kampuni kwa masharti yaliyotungwa mabwana wa London walipokuwa bado wanasafiri kwa magari ya farasi.

Ripoti yake ya mwisho ilitoka mwaka 1961, na ndani yake mlikuwa na rasimu kamili ya sheria mpya, kila kifungu kikifuatiwa na maelezo ya kwa nini kimeandikwa hivyo, kimetoka wapi, na kinatibu ugonjwa gani. Mawakili na majaji wa Ghana waliyatumia maelezo hayo kwa miongo mingi baadaye. Bunge likaipitisha rasimu mwaka 1963, na ndiyo ikawa Sheria ya Makampuni ya Ghana, Namba 179.

Yaliyomo yanastahili kuangaliwa kwa utulivu. Mtu mmoja aliruhusiwa kuunda kampuni peke yake, pasipo kutafuta shemeji wa kuazima jina. Hati mbili za kuanzishia kampuni, ambazo mawakili wetu Tanzania bado huziita MEMART, zilifanywa hati moja. Hisa ziliondolewa thamani ile ya kuandikwa juu ya karatasi, ambayo humdanganya mnunuzi mgeni akadhani hisa iliyoandikwa shilingi elfu moja ina thamani ya shilingi elfu moja. Uingereza ilikuwa imeshauriwa na kamati yake mwenyewe mwaka 1954 iruhusu hisa zisizo na thamani hiyo, na hadi leo sheria yake inadai kila hisa iwe nayo. Ile kanuni ya zamani iliyosema kwamba mkataba unaovuka malengo ya kampuni ni batili, na kwamba kila anayefanya biashara na kampuni anahesabiwa kuwa ameyasoma malengo hayo kwa msajili hata kama hajawahi kuyaona, ilivunjwa makali kwa faida ya mtu wa nje aliyeuza mali yake kwa nia njema.

Ila kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha wajibu wa mkurugenzi. Kwa Waingereza wajibu huo ulikuwa umetawanyika katika mamia ya kesi, kiasi kwamba mkurugenzi mwenyewe hangeweza kuujua bila kumlipa wakili. Gower aliukusanya na kuuandika kwa lugha inayosomeka: mkurugenzi awe mwaminifu kwa kampuni, atende kwa bidii na uangalifu na ustadi wa kawaida, asijiweke mahali ambapo maslahi yake yanagongana na ya kampuni. Halafu akaongeza kwamba katika kupima kilicho bora kwa kampuni, mkurugenzi anaruhusiwa kuangalia pia maslahi ya wafanyakazi, si ya wanahisa peke yao.

Ili kuona uzito wa nyongeza hiyo, mtu atazame kilichotokea London mwaka mmoja tu kabla. Gazeti la News Chronicle lilikuwa limefungwa mwaka 1960 na kuuzwa pamoja na gazeti dada, na bodi ya kampuni iliyolimiliki ikataka fedha za mauzo ziende kwa wafanyakazi waliopoteza kazi. Mwanahisa mmoja akashtaki. Mwaka 1962, katika kesi ya Parke dhidi ya Daily News, mahakama ikaamua kwamba bodi haina ruhusa kufanya hivyo: fedha ni za kampuni, kampuni ni kwa faida ya wanahisa, na ukarimu kwa wafanyakazi ambao hauirudishii kampuni faida yoyote ni nje ya madaraka yake. Uingereza ilisubiri hadi mwaka 1980 kuandika katika sheria kwamba wakurugenzi wazingatie maslahi ya wafanyakazi. Ghana ilikuwa imeandika miaka 17 nyuma.

Wakati huohuo Gower alikuwa mjumbe wa Kamati ya Jenkins, iliyoundwa na serikali ya Uingereza mwaka 1959 kupitia upya sheria ya kampuni na iliyotoa ripoti yake mwaka 1962. Mtu yuleyule, miaka ileile, mezani na kalamu mbili: ya Accra na ya London. Ya Accra ikawa sheria nzima. Ya London ilikuwa sauti moja katika kamati ya watu wengi, na mengi ya yaliyopendekezwa humo yalikaa kabatini kwa muda mrefu. Wapo wanaoeleza hali hiyo kwa kusema kwamba nchi mpya haina mazoea ya kuyalinda, na hoja hiyo ina ukweli, ingawa mimi naona imesahau jambo. Nchi nyingine mpya nyingi zilikuwa na nafasi hiyohiyo na hazikuitumia.

Sisi ni mfano. Kenya ilipata sheria yake ya kampuni mwaka 1959, ikaanza kutumika 1962, nayo ilikuwa imefuata ile ya Uingereza ya 1948. Uhuru ulipokuja ilibaki vilevile. Tanganyika ilikuwa na sheria ya mwaka 1932, maarufu kwa wanasheria wetu kama Sura ya 212, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1929. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara kubwa zilihamia kwenye mashirika ya umma, na sheria ya kampuni ikalala usingizi kwa sababu hapakuwa na aliyeihitaji sana. Ilipoamshwa, Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2002, na ikaanza kutumika Machi 2006. Kwa hiyo sheria ambayo Uingereza yenyewe iliiacha mwaka 1948 ilikuwa bado inatumika Tanzania bara miaka 58 baadaye. Kenya ilifanya mageuzi makubwa zaidi mwaka 2015, ikifuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya mwaka 2006: kampuni ya mtu mmoja, wajibu wa wakurugenzi ulioorodheshwa vifungu kwa vifungu, mtu wa nje kulindwa dhidi ya mipaka ya katiba ya kampuni. Magazeti ya biashara ya Nairobi yaliyapokea mambo hayo kama upepo mpya kutoka ng'ambo. Yote matatu yalikuwa kwenye vitabu vya sheria vya Accra tangu mwaka 1963, yameandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara Waafrika, yakiwa na maelezo ya bure pembeni.

Kiungo cha Gower na Dar es Salaam, hata hivyo, hakikuishia kwenye kitabu. Mwaka 1960 alikuwa mjumbe wa kamati iliyoongozwa na jaji wa Uingereza, Lord Denning, kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Wakati huo kijana wa Kiafrika aliyetaka uwakili alikwenda London na kufuzu kama barista, yaani alifundishwa kusimama mahakamani mbele ya majaji wa Uingereza, halafu akarudi kwenye nchi ambayo wakili mmoja ndiye anayefanya yote: kuandika hati ya shamba, kusajili kampuni, kusimamia mirathi, na kesho yake kumtetea mshtakiwa. Hakuwa amefundishwa hesabu za kampuni, wala sheria ya ardhi ya kwao. Kamati ilipendekeza mafunzo yatolewe Afrika kwenyewe, na mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa kitivo cha sheria kwa Afrika Mashariki kiwe Dar es Salaam. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu kishiriki kikafunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini kutoka nchi zetu tatu. Anayejiuliza kwa nini chuo kikuu cha kwanza cha nchi maskini kilianza na sheria badala ya udaktari au kilimo, sehemu ya jibu imo kwenye ripoti ya kamati hiyo.

Gower mwenyewe alikuwa amelalamikia mafunzo ya sheria ya kwao Uingereza tangu mwaka 1950, katika makala ambayo hayakuwafurahisha wakubwa wa taaluma, na mwaka 1962 aliiacha LSE akaenda kutekeleza aliyoyahubiri. Akawa profesa na mkuu wa kitivo cha sheria katika Chuo Kikuu cha Lagos, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka huohuo, huku akiwa mshauri wa baraza la elimu ya sheria la Nigeria. Kuacha kiti cha LSE ukiwa katika kilele cha jina lako, ukaenda kujenga kitivo ambacho hakijawa na maktaba, ni uamuzi ambao maprofesa wengi huusifu na wachache huufanya. Mwaka 1965, ambao chuo cha Lagos kilitikiswa na mgogoro mkubwa juu ya uteuzi wa Makamu Mkuu wa Chuo, aliondoka Nigeria. Mwaka uliofuata alialikwa Harvard kutoa mihadhara ya Holmes, na mada aliyoichagua ilikuwa Afrika huru na changamoto kwa wanasheria wake. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka 1967, na bado inasomeka bila aibu, jambo lisilosemeka kwa mengi yaliyoandikwa na wageni kuhusu bara hili miaka ile.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Kuanzia 1965 hadi 1971 alikuwa mmoja wa makamishna watano wa kwanza wa Tume ya Sheria ya Uingereza, chombo cha kudumu cha kupendekeza mageuzi ya sheria ambacho mfano wake tunao Tanzania katika Tume ya Kurekebisha Sheria. Kutoka 1971 hadi 1979 alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Southampton, na sina la kusema juu ya kipindi hicho zaidi ya kwamba vyuo vina tabia ya kuwachukua wasomi wao bora na kuwakabidhi bajeti.

Alistaafu, lakini kazi yake kubwa ya upande wa dhamana ilikuwa bado haijaanza. Mwaka 1981 kampuni ya usimamizi wa uwekezaji ya Norton Warburg ilianguka London, na fedha za wateja zikaenda nayo. Miongoni mwa waliopata hasara walikuwemo wanamuziki wa kundi la Pink Floyd. Ikadhihirika kwamba sheria iliyopaswa kumlinda mwekezaji, iliyotungwa mwaka 1939 na kuandikwa upya 1958, ilikuwa kama chandarua chenye matundu: madalali wanachama wa soko la hisa na taasisi nyingine kubwa walisamehewa sharti la kuwa na leseni, na wenye leseni walikaguliwa kwa nadra. Serikali ikamwita Gower, akiwa na miaka 67, achunguze peke yake ulinzi wa mwekezaji mzima mzima.

Alitoa waraka wa majadiliano mwaka 1982 na sehemu ya kwanza ya ripoti mwaka 1984. Kanuni aliyoiweka kuwa msingi ni kwamba udhibiti usizidi kiwango kinachohitajika kuwakinga watu wenye busara ya kawaida wasifanywe wajinga. Sisi tuna msemo kwamba wajinga ndio waliwao, na wakuu wengi wa soko la London waliamini hivyo bila kuujua msemo wenyewe. Gower aliukata katikati. Mtu aliyeamua kwa macho yake mawili kucheza kamari, sheria isimfuate kumshika mkono. Lakini mtu mwenye akili timamu aliyeuliza maswali sahihi na kupewa majibu ya uongo na mwenye suti nzuri, huyo hakuliwa kwa ujinga wake, ameibiwa. Mwaka 2009, mpango wa upatu wa DECI ulipoanguka Tanzania na maelfu ya waliokuwa wakiambiwa "wanapanda mbegu" wakabaki bila mavuno, mjadala wetu mitaani ulikwama hasa kwenye mpaka huo, wengine wakisema walijitakia kwa tamaa, wengine wakiuliza mamlaka zilikuwa wapi wakati foleni zinapangwa mchana kweupe. Kipimo cha Gower hakimalizi ubishi huo, ila kinaupa swali la kuanzia: je, mtu wa busara ya kawaida angeweza kujua?

Kwa upande wa chombo cha kusimamia, aliamini kwamba jibu la kimantiki lilikuwa tume ya serikali ya mtindo wa Marekani, lakini alijua kuwa serikali ya wakati ule haingelikubali. Akapendekeza njia ya katikati: vyama vya wenye biashara wenyewe vitunge na kusimamia kanuni, juu yao kuwe na usimamizi wenye nguvu ya sheria, na kufanya biashara ya uwekezaji bila idhini liwe kosa la jinai. Hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kiini cha Sheria ya Huduma za Fedha ya mwaka 1986, iliyopita mwaka uleule ambao soko la hisa la London lilifungua milango yake kwa mabenki makubwa ya kigeni. Mfumo ulioundwa uligeuka kuwa na vitabu vya kanuni vinene kuliko alivyotarajia yeyote, na Gower mwenyewe aliuandikia tathmini yake mwaka 1988. Baada ya miaka michache vyama vile vilionekana kushindwa, na sheria ya mwaka 2000 ikaleta msimamizi mmoja wa kisheria, hatua inayokaribia zaidi lile jibu ambalo profesa aliliona tangu mwanzo. Ikumbukwe kwamba Kenya, kwa sheria ya 1989, na Tanzania, kwa sheria ya 1994, zilikwenda moja kwa moja kwenye mamlaka ya serikali ya kusimamia masoko ya mitaji bila kupitia njia hiyo ya vyama. Mara hii hatukungoja London.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Sheria ya Ghana ilikuwa ndefu na ya kisomi, na muuza vitambaa wa Kumasi asingeweza kuifuata bila wakili zaidi ya alivyoweza ile ya zamani. Tena ilizaliwa katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa unaelekea mikononi mwa mashirika ya serikali, hivyo vifungu vyake vizuri kuhusu hisa kwa umma vilikaa bila soko la kuvitumia hadi soko la hisa la Ghana lilipoanza kazi mwaka 1990. Sheria bora haileti mitaji kwa kuandikwa tu. Wala si jambo la kujivunia kwamba nchi huru ilihitaji Mwingereza kuiandikia sheria ya kuachana na Waingereza. Ila katika orodha ya wageni waliotuandikia sheria, ni wachache waliotuandikia iliyo mbele ya ile ya kwao.

Ghana iliibadilisha sheria hiyo mwaka 2019, baada ya miaka 56, na mengi ya msingi wake yalihamia kwenye mpya. Gower alipewa heshima ya uwakili wa Malkia mwaka 1991, akahariri toleo la tano la kitabu chake mwaka 1992, na akafariki Desemba 1997. Wengine wamekiendeleza kitabu tangu hapo. Kwa mwanafunzi anayetaka kumfahamu, ushauri wangu ni kwamba asianze na toleo jipya lililojaa kanuni za soko la London. Atafute ripoti ya Ghana ya mwaka 1961, afungue kwenye kifungu cha wajibu wa wakurugenzi, asome maelezo yaliyo chini yake, kisha aiweke kando ya Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 na ya Tanzania ya 2002, alinganishe mstari kwa mstari. Kuna tasnifu ya uzamili hapo, na sijaona bado aliyeiandika kwa Kiswahili.